Ruhusa Niliyoiomba kwa Shemeji

Nilikata pasipoti miaka sita kabla ya mtu yeyote kunialika popote. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka chini ya vitenge vyangu, nikasubiri. Riziki yangu hapa Kahama ni cherehani, lakini watu wananijua kwa usaidizi wa kisheria. Nilipata mafunzo, nikapewa vyeti, na kwa miaka mingi nimezunguka vijijini, mpaka Didia huko, nikiwaambia wanawake kwamba wana haki ya kurithi shamba na kwamba mume si mlinzi wa geti. Basi niliposikia kuna mkutano mkubwa ng'ambo, wa nchi nyingi kujadili haki za wanawake, na kwamba shirika moja linatafuta mwanamke mmoja wa kutoka kwenye machimbo ya dhahabu, sikuona haja ya kuuliza nani ataenda.

Akachaguliwa rafiki yangu.

Huyo rafiki yangu anaponda mawe kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, njia ya Bulyanhulu, na mumewe anachimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya hukohuko. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuja kwangu hajui hata dawati la jinsia polisi lina kazi gani, nikamchukua, nikawa natembea naye kwenye mikutano, kwanza abebe chati, baadaye aseme maneno mawili ya Kisukuma ili watu wachangamke. Siku wageni wa shirika walipokuja kutusikiliza katika ukumbi mmoja wa Nyasubi, mimi nilifika saa mbili asubuhi na suti niliyoshona mwenyewe. Nilizungumza kwa mpangilio, nikataja sheria na vifungu vyake. Walikuwa wameinamisha vichwa wakiandika, nami nikadhani kuandika ni dalili njema.

Yeye alichelewa. Aliingia na vumbi la karasha kwenye nyusi, akaomba radhi, akasema wazi tu. Akaeleza kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake hatakiwi kusogelea duara, eti dhahabu itakimbia, lakini mawe yakishatoka humo anatupiwa yeye ayaponde na hapo dhahabu haikimbii. Akaeleza kwamba siku aliyookota jiwe zuri, mnunuzi alikataa kuongea naye, akataka aitwe mume. Wageni waliweka kalamu chini wakawa wanamtazama. Mmoja alifuta macho. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao, na roho iliniuma kiasi kwamba sikusikia aliyosema mwishoni.

Jina lake lilipotangazwa nilimkumbatia, nikamwambia hongera mdogo wangu. Akaniomba nimshonee gauni la safari. Nilimpima kiuno, mabega, mikono, huku nikijiuliza hawa wageni wameona nini kwake ambacho mimi sina. Alikuwa mwembamba, hilo nililiona. Akiwa amesimama na utepe wangu kiunoni aliniambia kwamba mumewe hajui bado.

"Nitamwambia mwenyewe, dada, tiketi ikishatoka," alisema. "Nikimwambia mapema ataanza kuitisha vikao. Akikuta tiketi ipo atanuna siku mbili, halafu atanibebea begi."

Asubuhi ya pili yake nilipanda bodaboda mpaka kwenye maduara. Sitasema shetani alinipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta shemeji amekaa juu ya kiroba cha mawe, anakunywa chai na wenzake wanne.

"Mwangaluka, shemeji," nilimsalimu.

"Mwangaluka. Za Nyasubi? Kuna usalama?"

"Usalama upo. Nimekuja kwa heshima tu, kumwombea mke wako ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

Nikamweleza, nchi, ndege na siku zote tano. Wenzake waliacha kutafuna. Yeye alizungusha kikombe mkononi.

"Kwani mwenyewe amesema inahitaji ruhusa yangu?"

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyuma. Ningeweza kucheka, nikasema nilikuwa namwarifu tu. "Ndoa ni ndoa, shemeji," nikamjibu.

Yule bwana si mtu mbaya. Kama asingeombwa, naamini angenuna zile siku mbili na begi angelibeba. Lakini ameombwa, tena mbele ya wanaume wenzake, ikabidi ajibu kama mume. Alikwenda kukaa na kaka zake, wakamrudisha na jibu moja: mke akipanda ndege, baba mkwe arudishe ng'ombe. Na ng'ombe wa mahari ya rafiki yangu hawakuwepo tena. Walipofika kwao walikaa msimu mmoja, kisha wakapelekwa kijiji kingine kumwolea kaka yake. Kuwarudisha maana yake wifi yake aondolewe kwenye nyumba ile, na watoto watatu.

Nilimwambia rafiki yangu tunaweza kulifikisha kwenye baraza la kata, sheria iko upande wake. Nilisema kwa sauti ndogo, ili asikubali.

"Siwezi kumvunjia kaka yangu nyumba kwa safari ya siku tano," alisema. Hakulia. Alirudi kwenye karasha siku hiyohiyo.

Shirika lilipiga simu likiuliza nani mwingine ana pasipoti tayari. Lile gauni nililifumua kiunoni, nikaongeza kitambaa, likanienea. Yeye mwenyewe alinisindikiza stendi, akanipa karanga za kukaanga za kutafuna njiani.

Huko nilikokwenda kulikuwa na baridi, na ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko soko letu. Nilivaa vile vidude vya masikioni vya tafsiri, nikawa namsikia mkalimani akinong'ona Kiswahili kizuri. Siku nzima ya pili nchi zilibishana juu ya sentensi moja, kwamba mwanamke aliyeolewa yuko huru kusafiri na kufanya kazi bila kibali cha mtu. Wengine walitaka iongezwe kwamba mila za kila nchi ziheshimiwe. Wengine wakasema ikiongezwa hivyo, sentensi yenyewe imekufa. Walikuwa wapole sana, wanaitana waheshimiwa, na hakuna aliyelegeza.

Kisha wakatuita sisi tuliotoka mashinani. Nilikuwa nimeandaa historia yangu, vyeti, vijiji nilivyozunguka. Nikaanza, nikaona vichwa vinainama, wanaandika. Nikaiona ile siku ya Nyasubi inarudi. Basi nikaacha karatasi, nikawasimulia habari zake: vumbi kwenye nyusi, jiwe lililoitiwa mume, ng'ombe waliokwenda kumwolea kaka. Nikasema mume wake amemkatalia na kwa hiyo niko mimi hapa. Kalamu ziliwekwa chini. Nani aliyemwendea mume, hilo sikulisema.

Mjumbe mmoja akaniuliza tuwajibu nini wanaosema hayo ni mambo ya mila. Nikajibu kwamba elimu itolewe kwa jamii. Jibu la kwenye chati. Walipiga makofi ya adabu. Wakati wa chai walinijia wengi, wakinishika mikono, na kila mmoja alikuwa na maswali yaleyale. Huyo mwanamke yuko wapi? Anaendeleaje? Tunaweza kumwandikia? Nimevuka bahari na gauni la mtu, nimefika nilikotamani kufika miaka sita, na bado walikuwa wanamtafuta yeye. Kuna mama mmoja nilimwambia kwamba anwani yake siijui.

Niliporudi alikuja kunipokea nyumbani, siku ya Jumapili, baada ya ibada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ndani."

Alivua viatu, akakaa mkekani, akataka nimsimulie kila kitu bila kuruka. Nikamsimulia ubishi wa ile sentensi, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia na swali la mila.

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba elimu itolewe."

Akafikiri kidogo. "Mimi ningewaambia, alipoolewa mama yangu mila ilikuwa ng'ombe. Siku hizi wazee wanapokea pikipiki na mabati, na mila haijalalamika hata siku moja. Inasubiri nipande ndege mimi ndipo ikasirike."

Alisema hivyo hivyo tu, huku anamenya chungwa. Nikaona ule ukumbi ungekuwaje, na nikamchukia kwa jibu lile. Sikuweza hata kumtazama. Nikainuka kwenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Mume wangu aliniambia siku ileile uliyomwendea," akasema nyuma yangu. "Alirudi jioni akaniuliza, kwa nini umemtuma dada yako kuniomba ruhusa badala ya kuja mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, nilimtuma."

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nikaliweka chini.

"Mbona hukuniambia unajua?" nikauliza.

"Ningesema, shirika lingekukata na wewe. Tungebaki wote wawili hapa." Akaweka maganda kwenye sahani. Sasa hakuwa anacheka. "Lakini ulikosea mtu, dada. Ulikwenda kumwomba yeye. Ile safari ilikuwa yangu. Ungeniomba mimi."

Sijui kama angenipa. Nimejiuliza mara nyingi, nikiwa kwenye cherehani, na siku nyingine naona angenipa. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba kama ingekuwa yangu na yeye ndiye aliyekuja kuniomba, nisingempa.