Senene Kwenye Ngao ya Mji Wetu

Mji wetu ulipopandishwa daraja ukawa manispaa, nadhani nilifurahi kuliko meya mwenyewe. Ni mji mdogo mno. Ukipiga chafya stendi, mwenye nyumba ya mwisho anakupa pole. Lakini manispaa ni manispaa, lazima iwe na bendera, na katikati ya bendera ikae ngao yenye alama ya mji.

Karani wa mji akaja huku jijini, Katwe, kwenye karakana ninapochora mabango na mageti. Nilijua kazi ni yangu. Nani mwingine? Kitovu changu kimezikwa kule. Tena nina cheti cha uchoraji kutoka shule ya jioni ya Ntinda, cheti nilichokisotea kwa kusinzia dawatini hadi mwalimu akazoea kufundisha juu ya mkoromo wangu. Nikaanza kumwona mama yangu akitoka kanisani, akiinua kidole kuelekea mlingoti na kuwaambia wenzake kwamba ile juu ni kazi ya mwanawe. Hicho ndicho nilichokitaka. Mengine yote ni maneno.

Ila karani akageukia benchi la pili, la Mkongo.

Huyu ni mtu wa Bukavu aliyekimbia vita, na anaandika majina kwenye malori na milango ya maduka. Wivu juu yake nilikuwa nao tangu zamani, sikuungoja karani auanzishe. Mimi nikitaka duara naomba kikombe. Yeye anazungusha mkono mara moja na duara limekamilika kama mwezi. Wateja wanamwita fundi. Mimi wananiita "wewe". Hata mama wa chapati anamkatia kipande kikubwa zaidi, na jicho langu kwa chapati halijawahi kukosea.

Karani akasema kila mmoja wetu achore, wao watachagua.

Mimi niliweka kila kitu. Ng'ombe, kahawa, mkungu wa ndizi, jembe, kitabu, kanisa, msikiti, zahanati, bodaboda, na jua likichomoza nyuma ya vyote hivyo. Ukiitazama ngao yangu kwa mbali, unadhani ni ajali ya barabarani. Mkongo hakuwahi kukanyaga kwetu, akawa ananiuliza maswali tu huku anachonga penseli. Nami kwa sifa zangu nilimjibu kama mbunge. Nikamwambia kwetu msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, wanashuka wengi mpaka majogoo wanadhani giza limeingia, wanarudi kulala.

Karani akapiga simu. Yeye na meya wamependa ya Mkongo, sasa madiwani wakutane waipitishe. Na kwa kuwa Mkongo hajui lugha yetu, tafadhali niende naye nikamtafsirie. Nilibaki na simu sikioni kama mtu aliyeombwa kubeba pete kwenye harusi ya mchumba wake.

Tukaenda. Ukumbini wakaifunua. Ngao ya kijani, na juu yake senene mmoja tu, mabawa yamekunjwa, vipapasio virefu vimesimama kama anasikiliza hotuba. Nilitafuta kosa kama mama mkwe anavyotafuta vumbi. Sikuliona, na hilo ndilo lililoniuma.

Kosa likaonwa na diwani mzee aliyekaa mbele. Kwetu kila ukoo una mziro wake, kiumbe unachobeba jina lake na usichokila hata ukifa njaa. Mzee huyu ni wa ukoo wa senene. Alisimama polepole.

"Mnanipandisha kwenye bendera," akasema, "halafu jioni mnanikaanga na vitunguu?"

Wa koo nyingine nao wakawaka, kwamba bendera hii inaukabidhi mji mzima kwa ukoo wa mzee. Mmoja akapendekeza simba. Simba ana wenyewe. Chui ana wenyewe. Nyati, tembo, kima, hata uyoga na kunde zikakutwa na wenyewe, na wamo mle ndani wameketi. Nami nilikuwa nimeketi kwa adabu, mikono mapajani, lakini kifuani mlikuwa na harusi. Nilishaanza kuona wanaomba ile ngao yangu ya ajali.

Meya akaniambia nimuulize fundi kwa nini alichora mdudu huyu. Nikamuuliza. Mkongo hakujitetea.

"Waambie, kaka, ni wewe uliyenisimulia. Ulisema kwenu senene wakianza kushuka, mtu haanzi kuokota peke yake. Anawasha taa kwanza, anawaita majirani. Mimi nimelala katika miji mingi nikikimbia. Mji ambao mtu anawasha taa usiku kwa raha, ili aonekane, sikuuona. Nikatamani niuchore."

Ningeweza kutafsiri nusu. Niliifikiria nusu hiyo, nakiri. Lakini wote walikuwa wananitazama, na yeye pia, basi nikasema yote, na kwa kuwa mimi ni mimi nikaongeza kwamba alikimbia kwa miguu kupita milima saba.

Akainuka diwani mama mmoja ambaye hutega senene kila msimu. Kwetu tunasimamisha mabati, chini yake pipa, juu taa kali. Senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza ndani ya pipa.

"Basi mdudu atoke," akasema. "Libaki bati na taa. Kuna ukoo hapa usiokula mabati?"

Walicheka hadi mzee akacheka. Akasema taa haina mwenyewe, kila aionaye na aje. Nikamtafsiria Mkongo, akageuza karatasi, na kabla chai haijafika meza ya mwisho taa ilikuwa inawaka juu ya bati, senene hayupo na kila mtu anamwona. Mimi niliyekua nikishika mabati yale hadi viganja vikaota sugu, wazo hilo halikunijia.

Siku ya kupandisha bendera mama alikuwepo na wenzake wa kanisani. Akainua kidole kuelekea mlingoti kama nilivyokuwa nimemwona, akawaambia kwamba ile ni kazi ya yule kijana Mkongo, na kwamba mwanawe ndiye aliyemleta. Kisha akampelekea Mkongo sahani ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, paja la kuku juu. Watu wakamzunguka, wakimuuliza ni wa kijiji gani, maana bila shaka ni mtu wa hapa. Mkongo akaninyoshea kidole mimi, akasema kwa lugha yetu, kwa maneno aliyoyaokota njiani, kwamba yeye ni wa kwao huyu.

Wakampigia makofi. Nami nilipiga, kwa nguvu kuliko wote, macho yangu yakiwa kwenye lile paja.