Chenga Mezani kwa Mama

Mfasiri huyu alikuwa na ugonjwa wake: haandiki neno la kitu ambacho hajakishika mkononi. Akipewa kazi ya misumari, atakwenda dukani kuipapasa misumari. Safari hii alikuwa na maelezo ya shehena ya mchele, ya kutoa Kifaransa kupeleka Kiingereza, na Wafaransa hawakuridhika kuiita punje iliyovunjika chenga tu. Kuna kubwa, inayofika nusu punje, kuna ya kati, isiyopungua robo, kuna ndogo, halafu ile inayopenya tundu za chekeche. Sasa punje huacha kuwa punje wapi hasa? Swali likamkosesha raha, akabeba mfuko wa mchele mpaka kwa mama yake.

Alikuwa na jambo jingine pia. Kaka yake alishasema macho ya mama yamekwisha, ahamie kwake, nyumba ifungwe. Mama hataki hata kulisikia. Mfasiri ametumwa akaone, na atakalosema ndilo litakalokuwa.

"Nisaidie kuchambua, mama. Nzima huku, nusu huku, robo pale."

"Kusoma kote kule, mwanangu, umeishia kuchambua mchele?"

Mama akaanza. Vidole vilikwenda mbio, mafungu yakakua, na kila punje mfasiri aliyoipima kwa rula ilikuwa mahali pake. Mfasiri akafurahi kama mtoto, akaandika weee. Alipoinua kichwa, akaona mama anatazama ukutani. Tangu mwanzo hakuwa ameiangalia meza.

"Mama, tangu lini?"

Vidole vikasimama. "Tangu mvua zilizopita. Kaka yako anakisia tu. Asijue kweli."

"Ndiye kanituma nije kuhakikisha."

Mama akasukuma kando fungu la chenga ndogo. "Basi mwambie. Maneno si ndiyo kazi yako?"

Mfasiri aliyatazama mafungu. Hata Wafaransa, nusu punje wameiwekea fungu lake, hawakuitupa. Akampigia kaka yake palepale.

"Umemkutaje?" kaka akauliza.

"Haoni," akasema. "Lakini hahami. Nahamia mimi. Kazi yangu inataka meza tu."

Kaka akabisha, kisha akachoka kubisha. Mama alijifuta shavu kwa kiganja, vumbi la mchele likabaki usoni.

"Kama ni meza hii," akasema, "kwanza niondolee mchele wako."