Doh ya Andongwisye

Andongwisye alikuwa fundi pancha pale Tunduma, kando ya foleni ya malori, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko tairi lolote aliloziba. Bluzi alifundishwa na Ba Mwila, dereva Mzambia aliyekwama mpakani mwaka 1996 akisubiri karatasi zake. Zilikuwa kodi tatu tu za gitaa: unaanza nyumbani, unatembea kwa jirani, unafika mbali kidogo, unarudi. Zote katika ufunguo wa E. Karatasi zikatoka, lori likavuka, na Andongwisye akabaki anaamini kwamba bluzi yote inaishi E na haina kwingine pa kwenda.

Kwenye baa alikopiga gitaa Jumamosi mchana, waimbaji ndio waliomfuata. Mwenye sauti nyembamba ashuke, mwenye nene ajinyonge. Yeye hahami. Ndipo akaja Sekela, mwimbaji mpya asiyemwogopa mtu.

"Kaka, huko chini nanguruma kama lori. Nipandishe, nipe G."

"G sikufundishwa."

Mwenye baa alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akasema Jumamosi ijayo asipoijua, gitaa litapigwa na mpigaji mwingine, Yesaya. Bila gitaa Andongwisye angebaki na pancha tu, na pancha hakuna anayezipigia makofi.

Mkewe Gwantwa, mzaliwa wa Ileje, alifundisha kwaya kanisani, na muziki wa baa aliuita kelele za walevi. Lakini mume aliposusa hata ugali, akamhurumia.

"Mwe, Baba Tuntufye! Hizo kodi zako si ni doh, fa, soh? Sisi doh, nota ya kuanzia, tunaihamisha kila Jumapili, akina mama wasipofika juu. Wewe nani kakukataza?"

Akamwimbia doh mpya, naye akaitafuta. Kumbe akizibana nyuzi zote kwa kidole cha shahada, umbo lilelile la E linateleza juu ya shingo ya gitaa na kuwa G, likiteleza tena linakuwa A. Wiki nzima alibana huku akitukana kwa Kindali, na Gwantwa akimkanya.

Jumamosi Sekela alianza na G. Katikati, kwa ukorofi tu, akanyoosha kidole juu. Andongwisye akapanda naye hadi A. Watu wakagonga meza, Yesaya akaaga mapema.

Alirudi nyumbani kavimba kichwa.

"Mama Tuntufye, ungesikia!"

"Nimesikia."

"Wapi?"

"Nyuma ya ukuta wa baa, mimi na akina mama wa sauti ya pili. Kwenye soh unachelewa."

Andongwisye akacheka kwa furaha.

"Lete gitaa hapa," akasema Gwantwa.