Vidokezo vya Injinia

Pale ofisi ya maji hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Injinia, ingawa kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuchapa barua. Cheo hicho alikipata siku printa ilipogoma ofisi nzima ikashika tama, naye akaichomeka kwenye umeme.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuitwa. Mhasibu akikwama, Injinia. Dada wa mapokezi akikwama, Injinia. Naye alikuja taratibu, akashusha pumzi kama daktari aliyecheleweshewa mgonjwa, akauliza, "Nani kagusa hapa?" Kisha mkono ukaruka wenyewe: chini kushoto, panda mara tatu, kulia, bofya mara mbili. Hakuwa akisoma kitu. Njia zote alizikariri kwa mkono, kama mtu anavyoijua swichi ya chumbani kwake gizani.

Jumatatu moja meneja akatangaza kwamba leseni ya mfumo wa zamani imekwisha. Kompyuta zote zimewekewa mfumo mwingine, wa bure, na sura yake ni nyingine kabisa.

"Ijumaa Injinia atatufundisha," alisema meneja. "Akiweza, ndiye msimamizi wa kompyuta, na kile chumba cha pembeni ni chake. Asipoweza, masjala wanahitaji mtu."

Masjala ni chumba cha mafaili ya karatasi. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, na kila mtu alimwita Bi Masjala. Injinia alikuwa akipita mlangoni pale ameziba pua.

Jioni ile alimwambia mkewe habari za chumba cha pembeni. Za masjala zilimtoka akilini. Kabla chai haijapoa, mashemeji walikuwa wanapiga simu.

"Shemeji, hicho chumba kina feni?"

"Feni gani? Kina kiyoyozi," alijibu Injinia, ambaye hakuwahi kuingia humo.

Jumanne akaiwasha kompyuta. Chini kushoto palikuwa patupu. Akabofya hapohapo. Akabofya tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba kipanya kilikuwa kiziwi. Kikatokea kisanduku: *Karibu. Je, ungependa kuonyeshwa sehemu muhimu kwa dakika tano?* Akakifunga. Kilirudi mara sita, na mara sita alikifunga, kama mtu anayefukuza nzi mezani.

Jumatano ilipita vilevile. Jioni, kwenye kompyuta ya nyumbani iliyokuwa bado na mfumo wa zamani, akaipiga picha skrini yote, akaihifadhi kwenye flashi. Alitaka aitazame kazini, akumbuke kila kitu kilikaa wapi. Alhamisi akaifungua ofisini, akabonyeza kitufe asichokisoma, *Weka iwe mandhari ya skrini*, na picha ikatanda skrini nzima.

Injinia nusura alie. Folda zake! Pipa la taka! Kile kitufe chake kipenzi, chini kushoto! Akaamini kwamba kompyuta imetambua mkubwa wake ni nani, ikarudi kwenye adabu. Akaizima upesi isije ikabadili mawazo, kisha akaenda kuandika vidokezo.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kompyuta ya Injinia iliunganishwa na projekta, na ile sura ya zamani ikaonekana ukutani. Watu wakapiga makofi. Yeye akakunjua karatasi.

"Kidokezo cha kwanza: usiguse usichokijua. Cha pili: ikigoma, zima. Cha tatu: ikigoma tena, niite."

"Na wewe ukigoma?" aliuliza dada wa mapokezi. Ukumbi ukacheka.

"Tufungulie barua yoyote ya mteja," alisema meneja, "kisha uichapishe."

Injinia akabofya folda. Kimya. Akabofya mara mbili, mara tatu.

"Inafikiri," alisema.

"Ifikirie nini? Barua si imeshaandikwa?" alisema mhasibu. Kisha akasogeza kiti mbele, akakaza macho ukutani. "Injinia, mbona saa ya hapo inasema juzi, saa moja jioni?"

"Itajirekebisha."

"Na hiyo folda iliyoandikwa *Harusi ya shemeji*, nayo ni ya ofisi ya maji?"

Dada wa mapokezi ndiye aliyepiga ukelele. "Jamani, hiyo ni picha! Mwenzetu anabofya picha!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Injinia aliendelea kubofya. Jasho lilimtiririka, lakini kidole hakikujua la kufanya jingine.

Bi Masjala akainuka, akavaa miwani yake, akasogea hadi kwenye kompyuta.

"Samahani, baba. Hapo juu pameandikwa *Tafuta*. Nikitafuta?"

"Mama, usiguse!"

Alishagusa. Akaandika *barua* kwa kidole kimoja, kama anayechagua mchele, na orodha ikashuka. Akachagua mojawapo. Kila kilichotokea alikisoma kwa sauti. "Inauliza nifungue kwa programu gani. Hii hapa wamesema ni ya maandishi. Haya. Na hapa pameandikwa *Chapisha*." Printa ya kona ikakohoa, ikatoa karatasi.

"Kumbe unajua kompyuta!" alisema meneja.

"Sijui hata moja. Kusoma ndiyo najua."

Jumatatu iliyofuata Bi Masjala alihamia chumba cha pembeni. Hakikuwa na kiyoyozi. Injinia alimwambia mkewe kwamba amehamishiwa hifadhi ya data, sehemu nyeti, na mashemeji wakapongeza upya.

Asubuhi hiyohiyo simu ya masjala ililia. Alikuwa Bi Masjala, anataka faili la bomba la sokoni.

"Naliona, mama," alisema Injinia, ambaye hajaliona. "Nakuletea sasa hivi."

Mlangoni mwa makabati palibandikwa karatasi mpya, kwa mwandiko mkubwa wa duara: *Karibu, baba. Majina ya mafaili yameandikwa ubavuni. Chukua dakika tano uyapitie.*

Injinia akaibandua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kabati la chini kushoto.