Moyo Uliokataa Kutulia

Harufu ya makapi ya mkonge yaliyooza huwafanya wengine wazibe pua. Mimi nikipita Mazinde naivuta mpaka tumboni, maana humo ndimo nilimojifunza kunyamaza. Shule niliishia darasa la pili. Hili sikufundishwa na mwalimu.

Wakati wa Mwingereza, mwaka mmoja mvua ilikataa. Kambini kwa vibarua wa shamba tulikuwa mchanganyiko: Wazigua Waislamu kama sisi, na Wakristo waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Wakubwa walibishana dua iwe ya dini gani, mwisho wakakubaliana: Jumapili, korona, ile mashine ya kusaga mkonge, ikiwa imezimwa, wakae pamoja kimya, kila mtu na Mungu wake. Kisha waliwe mbuzi na ubwabwa.

Nilitaka kuwamo. Si kwa ubwabwa tu, jamani. Nilikuwa na miaka saba na nimechoka kuitwa mtoto.

"Mke mwenzangu," Bibi akaniambia kwa utani wake wa kumwita hivyo mjukuu, "mdomo wako korona. Ukitaka kukaa nasi, kwanza utulize moyo."

Yeye aliutuliza kwa tasbihi, punje moja moja. Jirani yetu Mama Yohana, Mkristo, alifumba macho akafuata pumzi yake ikiingia na kutoka. Nikajaribu ya wote wawili siku tatu. Kila nikigusa kifua, moyo unadunda vilevile.

Jumapili tukakaa majamvini, kimya hadi nikamsikia kuku akipekua nyuma ya jiko. Nikabana pumzi ili niukomeshe. Macho yakanitoka. Mwisho nikapasuka:

"Bibi, umekataa kutulia. Bado unapiga."

"Nini kinapiga?"

"Moyo."

Mama Yohana ndiye aliyeanza kucheka. Bibi akashika mbavu. "Ukiacha kupiga, mke mwenzangu, mume si atabaki wangu peke yangu?"

Majamvi yote yakaangua kicheko. Nikangoja kufukuzwa. Bibi akanivuta mapajani, akaubandika mkono wangu kifuani pangu. "Basi usikilize tu."

Kicheko kilipokwisha kikaja kimya ambacho hakuna aliyekilazimisha. Nikasikiliza, du, du, mpaka nikasahau ubwabwa.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, kila dini ikadai ni yake.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na nyumba yangu ya bati niliyoijenga kwa kuuza vitumbua: punje za Bibi na pumzi za Mama Yohana nazo zilikuwa zikidunda. Hakuna aliyekuwa akizima kitu, walikuwa wakisikiliza. Juzi daktari wa Korogwe aliniambia moyo wangu umechoka. Nikamwambia, huo? Huo mkaidi, mwanangu. Uliambiwa utulie tangu enzi za korona ya mkonge, ukakataa mbele ya watu.