Walishamuaga Pantaleo

Pantaleo, fundi wa injini za boti pale Gerezani, aliagwa kwa kishindo. Wachaga wa Kariakoo hawamwachii mtu aondoke kimyakimya. Kamati iliundwa, ukumbi ukakodiwa Ilala, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, akaingizwa na majani mdomoni, na mwenyekiti wa kamati, shemeji yake Benedict, akatangaza kwenye maiki kwamba huyu ndiye wa kwanza katika ukoo kuvuka bahari kwa matanga, kutoka Dar mpaka Shelisheli na kuendelea.

Kosa lilikuwa hilo, kumuaga mtu kabla boti haijatengemaa. Wiki hiyohiyo winchi ya kuvutia kamba ikakwama. Ikatengenezwa, tanga kubwa likachanika. Likashonwa na mafundi wa maturubai, betri zikafa. Pantaleo akawa anakatiza vichochoroni kama mwizi wa kuku, maana kila duka lilikuwa na mtu aliyekula ndafu wake na swali lilelile: "Kaka, bado upo?"

Sasa ilibaki impela, feni ndogo ya mpira inayosukuma maji ya kupoza injini. Athanas, mwenye boti aliyemwajiri Pantaleo kama fundi wa safari, alikuwa amesema wazi: upepo unakaribia kugeuka. Wasipong'oa nanga Jumamosi, safari imekufa na kila mtu atafute kazi nyingine.

Pantaleo akaingia Kariakoo. Duka la kwanza walimpa kitu kinachonuka mafuta ya taa. Alikikandamiza kwa ukucha, ukucha ukazama kama kwenye sabuni. Duka la pili takataka, la tatu takataka zaidi, na kiapo cha muuzaji juu yake. Mji mzima unauza mpira wa ndala na kuuita Japani!

Akampigia Benedict, ambaye naye ana duka la vipuri. Jioni Benedict akafika karakana na boksi jipya linalong'aa.

"Orijino, shemeji. Nimeihangaikia hii."

Pantaleo akafungua. Harufu ya mafuta ya taa ikamkaribisha, na alama ya ukucha wake ilikuwa palepale.

"Hii nimeikataa asubuhi."

"Sasa? Funga, uondoke."

"Itakatika kabla hatujaiona Shelisheli."

"Si mna matanga?" Benedict alishusha sauti. "Watu walichanga, Pantaleo. Walikula. Mimi ndiye niliyeshika maiki. Nitawaambia nini?"

Pantaleo alimtazama kaka wa mke wake, baba wa ubatizo wa mwanawe. Mtu huyu aliona heri Pantaleo azame akiwa ameagwa vizuri kuliko abaki hai bila maelezo. Kibaya zaidi, bisibisi ilikuwa tayari mkononi, na kwa kitambo kidogo Pantaleo mwenyewe alikuwa amefikiria kuifunga impela ile.

Akaiweka bisibisi chini, akampigia Athanas.

"Bosi, impela hakuna. Hatuendi."

Athanas akasema boti itaegeshwa na wote wamepumzishwa kazi. Akashukuru, akakata simu.

Benedict aliokota impela mezani, akaifuta kwa upindo wa shati, akairudisha kwenye boksi na kunyoosha kona zake taratibu.

"Unaipeleka wapi?"

"Dukani. Kuna jamaa wa Kigamboni aliiulizia."