Mayai Yaliyoelea

Mimi ni mjuaji, tena mjuaji asiyesikiliza. Mama yangu ndiye aliyeyalipia hayo.

Mwaka ule kideri kilipita kijijini kwetu, huko milimani ukishaivuka Mbinga mjini, kikafyeka karibu kuku wote wa mama. Akabaki na tetea mmoja. Alinipigia simu Songea kuniambia tetea huyo anaatamia, na vifaranga wake ndio watakaomjazia banda upya. "Ndiyo mama, sawa mama," nikaitikia, akili iko kwingine.

Baadaye nikaenda kumsalimia. Jumapili yeye akawahi misa ya kwanza, mimi nikabaki nimelala. Nilipoamka nikasema ngoja nimwandalie chai na mayai. Jikoni, nyuma ya mafiga, palikuwa na kikapu chenye mayai tisa. Kumbe tetea alikuwa ametoka kujitafutia chakula. Mayai yalikuwa na joto, nikadhani ni la moto wa jana. Nikayatia kwenye beseni la maji, kama ninavyopima kwangu: likizama ni zima, likielea ni viza.

Yakaelea yote. Moja lilikuwa linatikisika, nikaona ni maji tu. "Lo, mama naye! Anafuga viza ndani!" Nikatoka nayo, nikayavurumisha moja moja kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia mahindi mteremkoni. La mwisho liliniponyoka, likapasukia kwenye jiwe miguuni pangu. Ndani alikuwemo kifaranga mwenye manyoya, anafungua mdomo na kuufunga. Nilimshika kiganjani mpaka akatulia.

Mama aliporudi alimkuta tetea anazunguka kikapu kitupu, analia. "Shikamoo mama," nikasema, kama mjinga, kisha nikamweleza yote. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza, heri angenigombeza.

"Yai la kuatamiwa halipimwi hivyo, mwanangu," alisema. "Likikaribia kuanguliwa huelea. Nilikuwa nawangoja kesho."

Akakivunja kikapu, akakitia motoni, tukachemshia chai. Yule tetea akampa jirani. Hajafuga tena.

Siku hizi nikienda, ananunua mayai dukani, ananikaangia mawili. Yeye hali. Anakaa kando ananitazama, ananiuliza kama chumvi imekolea, nami najibu imekolea, mama.